Namba ya Mtu wa Karibu

Kwa miaka kumi na sita jina langu lilikuwa kwenye orodha ya maombi ya kina mama kanisani kwetu, katika kile kifungu cha wanaosubiri mtoto. Wengine waliandikwa chini yangu, wakaombewa, wakazaa, wakaleta watoto mbele kubarikiwa, wakafutwa. Mimi nikabaki pale juu kama kiranja. Kila mwanzo wa mwaka mwenyekiti alisoma orodha upya, na akifika kwangu sauti yake ilikuwa inashuka kidogo. Nami nilikuwa nainamisha kichwa, si kwa unyenyekevu, bali nisione ni nani anayegeuka kunitazama. Sipendi kuonewa huruma. Sikupenda wakati huo na hata leo sipendi.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini nilifanya nilichofanya mwaka ule, shule zilipofungwa mwezi wa Agosti. Nilienda hospitali kutolewa kizazi na sikumwambia mtu hata mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Kabianga. Nina ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe mmoja wa maziwa na nyumba ya vyumba vitatu ambamo nimeishi peke yangu kwa muda mrefu. Mume wangu yuko hai, tusidanganyane. Yuko Chebunyo, kwenye shamba la mifugo la marehemu baba yake, na mke wa pili na watoto wao watatu. Hatukugombana. Alienda kuangalia ng'ombe wakati wa kiangazi akakawia, mwaka uliofuata akakawia zaidi, na mtoto wa kwanza alipozaliwa kule nikaelewa kwamba hayo ndiyo makao. Kukiwa na mazishi au harusi anakuja, tunaketishwa viti vya mbele, tunaitwa bwana na bibi, halafu kila mtu anashika njia yake.

Niliyeachiwa ni mama yake. Nyumba yake iko ng'ambo ya michai yangu, na kila jioni tulikuwa tunaonana, kama si kwa maziwa basi kwa chumvi. Kwetu kila mke ana nyumba yake, na nyumba isiyo na mtoto ni habari ya ukoo mzima. Mama mkwe alikuwa na kibuyu kidogo, cha kumpa mtoto maziwa, alichosema ni cha mjukuu kutoka nyumba yangu. Alikuwa akikisugua kwa mkaa pamoja na vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, anakipuliza vumbi, anakirudisha kwenye msumari. Mwanamke wa miaka zaidi ya themanini, anasugua kibuyu cha mtoto ambaye haji. Ningemwambia nini?

Na huku mwenzenu navuja damu. Miaka mitatu nzima. Sizungumzii hedhi ya kawaida, nazungumzia damu ya kunifanya nivae sketi nyeusi wiki nzima na kufunga sweta kiunoni jua likiwaka. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni nimesimama upande upande, kwa sababu sikuthubutu kuwapa watoto mgongo. Mara mbili nilizirai katika chumba cha walimu nikasema sikunywa chai asubuhi, na katika nchi hii ya chai watu wakakubali. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu mpaka nikavizoea. Nilipoenda kupigwa picha ya tumbo, yule kijana wa mashine alinyamaza, akaita mwenzake, wote wawili wakanyamaza. Fibroidi. Zilikuwa nyingi, na kubwa kabisa ilikuwa ya ukubwa wa ngumi.

Daktari wa kina mama aliyekuwa akija mjini Kericho Jumatano mbili kwa mwezi alinieleza vizuri, bila haraka. Akasema zamani wangenipasua kutoka hapa hadi hapa, akachora mstari hewani, na ningelala hospitali karibu wiki. Siku hizi wanatoboa matundu manne tu, madogo kama tundu la kifungo. Wanapuliza hewa tumboni ili wapate nafasi, wanaingiza kamera nyembamba kwenye kitovu na vyombo kwenye yale matundu mengine, wanafanya kazi yao wakitazama kioo, na kizazi chenyewe kinatolewa kupitia chini. Akaniuliza kama bado natafuta mtoto, kwa sababu angeweza kujaribu kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi. Lakini uvimbe ulikuwa umejaa kila pembe, alisema, na mimi nina miaka arobaini na mitano na damu yangu imebaki nusu. Akaniuliza tena kwa namna nyingine. Halafu akauliza kama nilitaka kwanza nikazungumze na mzee nyumbani. Nikamwambia mzee hana kizazi. Nilidhani nimetoa mzaha, lakini hakucheka.

Katika hayo yote aliyosema mimi nilishika neno moja: nitalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Mtu anaweza kwenda semina ya usiku mmoja na hakuna anayeuliza. Nilitaka kitu kimoja tu katika jambo lile, kwamba mtu asijue. Matundu manne yanafichika chini ya blauzi. Orodha ya kanisa ingebaki ilivyo, kibuyu kingebaki kwenye msumari wake, na mimi ningezeeka taratibu mpaka watu wenyewe waone umri umepita, waache kuuliza. Sikutaka siku ambayo mtu ataamka aseme, leo nyumba ya mwalimu imefungwa. Nilipanga kuwanyima siku hiyo.

Kilichobaki kilikuwa ng'ombe. Ng'ombe hajui semina. Kulikuwa na mama mmoja wa kutoka upande wa Kisii aliyekuwa akinichunia majani, mwaka wa sita huo. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa mpaka zilipoletwa mashine za kuchuna na watu wakapunguzwa, kisha akakodi chumba pale sokoni kwetu na kuanza kuchunia watu wenye mashamba madogo. Mikono yake ilikuwa safi, majani mawili na kichipukizi, hakuna gugu. Karani wa kituo cha kununulia majani hakuwahi kurudisha kikapu chake. Alijua pia kukamua. Nilimwita mama, yeye aliniita mwalimu, na kwenye simu yangu nilikuwa nimemwandika Majani.

Nikamwambia kuna semina ya walimu Nakuru, akamue jioni na asubuhi, mimi narudi kesho yake. Akasema sawa. Kandambili zangu zilikuwa zimechungulia kwenye mfuko, akaziangalia, akasema semina za siku hizi ni nzuri, watu wanaenda kujipumzikia. Nikamwambia aangalie maziwa yasimwagike.

Bima ya walimu ilishughulikia gharama, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kujaza karatasi tu. Nilikuwa nikizijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni mpaka nikafika pale palipoandikwa mtu wa karibu: jina, uhusiano, namba ya simu. Nikasimama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Simu yangu inaingia laini mbili, na ile ya pili naitumia kwa mambo ya kikundi tu. Nikaandika jina la kubuni, nikaandika dada, nikaandika namba ya hiyo laini yangu ya pili. Sina dada. Nilijiona mjanja sana.

Kuhusu chumba cha upasuaji sina mengi. Kulikuwa na baridi. Waliniuliza jina langu mara tatu, watu watatu tofauti, mpaka nikauliza kama wao hawasikilizani. Mama wa dawa ya usingizi alinishika mkono akasema niwaze mahali ninapopapenda, na nikatafuta mahali penyewe nikakosa, usingizi ukanichukua nikiwa bado natafuta.

Niliamka koo limekauka, mpira wa mkojo umewekwa, na bega la kulia linauma hadi meno. Nikashangaa. Wamechokora tumbo, bega limefanya nini? Sista akaniambia ni ile hewa waliyopuliza, kuna inayobaki ndani na maumivu yake huhisiwa begani, yataisha baada ya siku mbili tatu. Nikafunua shuka nikatazama. Plasta nne ndogo, moja kitovuni na tatu pembeni. Mtu angeziona angedhani nimeumwa na wadudu. Kizazi changu kilikuwa kimetoka, na kwa macho hakukuwa na kitu.

Nilikuwa nimejiandaa kulilia kizazi. Nilikuwa hata nimebeba kitambaa. Lakini nilichokililia, nikigeukia ukutani, ni lile bega. Lilikuwa linauma na hapakuwa na mtu wa kumwambia bega linaniuma. Si sista, sista ni kazi yake. Nilitaka mtu ambaye ningemwambia, aseme pole, kisha aendelee kukaa tu pale. Nilikuwa mpweke siku hiyo kuliko siku mume wangu alipokosa kurudi.

Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke wa kutoka Fort Ternan aliyetolewa uvimbe kwenye ovari kwa matundu kama mimi. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika walimjia watu kumi na mmoja. Niliwahesabu, sikuwa na kazi nyingine. Walileta uji kwenye chupa, ndizi za kuiva, mursik, na redio ndogo asikose mahubiri. Mume wake alikuwa amesimama ameshika viatu vyake, viatu vya mke wake, saa nzima, hajui aviweke wapi. Walipomaliza kumwombea wakanigeukia na mimi wakaniombea, wakanimiminia uji, wakaniuliza watu wangu wako wapi. Nikasema wako njiani. Uji ulikuwa mtamu.

Asubuhi daktari akapita, mwenye furaha, akasema kazi imetoka vizuri na damu kidogo sana imepotea. Akanipa masharti. Wiki sita nisiinue kitu kizito kuliko birika la chai, nisikamue, nisibebe kikapu, nisiiname shambani. Nikaitikia kila kitu. Mchana mpira ulikuwa umetolewa, nimetembea hadi mwisho wa wodi na kurudi, nimevaa gauni langu, nimekaa ukingoni mwa kitanda na mfuko wangu chini. Saa nane sista mmoja kijana akaja na karatasi za kunitoa, akauliza ni nani anayekuja kunichukua.

Nikasema naenda mwenyewe, nina miguu. Akasema hapana mama, aliyelazwa na dawa ya usingizi jana hatoki peke yake leo, mtu anaweza kuzirai njiani, lazima mtu wake aje atie sahihi. Akasema nisijali, namba ya dada iko kwenye faili, atampigia. Akaenda kwenye meza yao pale katikati ya wodi, akainua simu. Nilimwona akibonyeza namba.

Mfuko wangu ukaanza kulia.

Ulilia kwa sauti, maana mimi ni mtu wa shamba na simu yangu huwa juu kabisa ili niisikie nikiwa kwenye michai. Sista akatazama upande wangu, akakata. Mfuko ukanyamaza. Akabonyeza tena, polepole, akisoma kwenye faili namba moja moja. Mfuko ukalia tena. Wodi yote ilikuwa imetulia. Yule mwanamke wa Fort Ternan akainua kichwa, akaniambia kwa upole:

"Shika simu, mwalimu. Pengine ni watu wako."

Sikushika. Niliitazama sakafu mpaka ilipoacha kulia.

Sista alikuja akaketi kando yangu, akashusha sauti, akaniuliza kama kweli hakuna mtu hata mmoja. Na mimi, badala ya kumjibu, nikamkasirikia. Nikamwambia mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, nimefundisha watu ambao sasa ni wakubwa wake, sihitaji kushikwa mkono. Nilisema mengi ya upuuzi. Aliningoja nimalize. Kisha akasema sheria si yake, na kwamba yupo hadi saa kumi na mbili, nifikirie.

Basi nikatoa simu nikaanza kupitia majina. Mume wangu angekuja, sikatai, lakini kwanza angewaambia ndugu zake. Mwenyekiti wa kina mama angefika baada ya saa moja, na kwaya nzima nyuma yake. Kaka yangu aliyeko Kipkelion ni mtu mzuri, lakini mke wake hawezi kushika neno kama vile chujio haliwezi kushika chai. Mwalimu mkuu ni mwanamume. Mama mkwe hana simu, na hata angekuwa nayo. Nilipandisha majina nikayateremsha. Yalikuwa mengi, na kila moja nililipatia sababu. Saa tisa ikapita, saa kumi ikafika. Nikawaza kwamba hata nikifa leo, hospitali itapigia mfuko wangu.

Ng'ombe ndiye aliyenisukuma. Jioni ilikuwa inakaribia na hapakuwa na wa kumkamua. Nikampigia Majani, nia yangu ikiwa kurefusha uongo wangu kwa siku moja zaidi. Nikamwambia semina imeongezwa, akamue tena. Nyuma yangu kuna mgonjwa alikuwa akilia akiita sista, na kigari cha dawa kinapita kikigonga gonga.

"Mwalimu," akasema, "hiyo semina iko na watu wanalia hivyo?"

Akauliza ni hospitali gani. Nikamwambia. Akauliza kama naweza kutembea, nikasema naweza, ila wanataka mtu. Akasema anakamua kwanza, kisha anakuja, na akakata simu kabla sijamwambia asije.

Nilimwita sista nikamwambia mtu amepatikana. Akafurahi, akachukua kalamu ili amwandike kabisa, akaniuliza anaitwa nani. Nikafungua mdomo nikaufunga. Miaka sita. Mimi ambaye kila asubuhi naita majina ya watoto wote wa darasa langu bila kufungua rejista, na ya baba zao nayajua. Nikasema ni mtu wangu wa shambani. Sista akanitazama, akaacha ule mstari wazi.

Alifika kabla sista hajamaliza zamu, na gambuti zake zenye udongo mwekundu, amejifunga leso safi juu ya nguo za kazi. Hakuuliza kitu. Alitoa kitambulisho alichokuwa amekifunga kwenye pembe ya leso, na sista akalisoma jina lake lote kwa sauti akiliandika. Nililisikia hapo mara ya kwanza, au hivyo nilidhani. Sista akauliza uhusiano. Yule mama akanitazama, mimi nikatazama gambuti.

"Andika jirani," akasema.

Tulikodi gari. Kabla halijaondoka aliikunja leso yake akaiweka kati ya mkanda wa gari na tumbo langu, akanionyesha nishike hapo kwa mkono kila tukikaribia tuta. Dereva akaambiwa aende pole pole. Nilishukuru moyoni, nikadhani ni akili tu za mtu mzima. Tulipita mashamba makubwa, kijani mpaka macho yanachoka. Nilikuwa naogopa mama mkwe ataliona gari. Aliliona. Alikuwa tayari amesimama kwenye ua tulipofika, na kabla sijashusha mguu, yule mama alimweleza kwamba mwalimu amekula kitu kibaya huko Nakuru, tumbo limemvuruga, anataka kulala tu. Mama mkwe akasikitika, akazilaani semina, akaenda kunitafutia maziwa lala. Siri yangu ilikuwa salama. Mtu ambaye sikuwa nimemwomba ndiye aliyeilinda.

Alichemsha maji akaniogesha, maana sikuweza kuinama. Niliketi kwenye kigoda, karai mbele yangu, nikitazama mlango. Sikuwa nimeogeshwa tangu utotoni. Alipofika tumboni, mkono ukasimama. Alizitazama zile plasta moja moja.

"Ni hizi tu?" akauliza.

Nikawaka. Nilidhani ananiona mdanganyifu, mtu wa kusumbua watu kwa vidonda vidogo kama ncha ya kalamu. Nikamwambia kwa ukali kwamba ndani hakuna kitu, wametoa kizazi chote, sitazaa tena, na kama anataka kuwatangazia watu sokoni aende sasa hivi. Hivyo ndivyo nilivyolitamka neno hilo kwa mara ya kwanza maishani, kwa hasira, kwa mtu aliyekuwa akiniosha.

Aliweka kitambaa kwenye karai, akafuta mikono, akapandisha blauzi, akashusha mkanda wa sketi. Kutoka kitovuni kwenda chini kulikuwa na kovu pana, nene, linang'aa, na alama za nyuzi pande zote mbili. Akaniambia ni mwaka juzi. Mimba ilishika kwenye mrija ikapasuka, akapelekwa akiwa hajijui, wakamkata kwa haraka. Mimi, akasema, aliniambia amefiwa na baba yake.

Matanga hayo nayakumbuka. Nilimpa ruhusa huku nanuna, kwa sababu majani yalikuwa yamekomaa. Aliporudi alikuwa anachuna ameegemea upande mmoja, analeta nusu kikapu, nami nikamwambia mbele ya wenzake kwamba shamba langu si mahali pa kuja kupumzikia. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama. Alibeba kikapu siku hiyo hadi kituoni, na tumbo hilo.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema na wewe mbona hukuniambia. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechukua kitambaa tena, ananiosha mgongo.

Nikamwuliza ni nani alikuja kumtoa hospitali.

"Waliniuliza mtu wa karibu," akasema. "Mimi huku sina mtu. Nikawapa namba yako."

Nikasema sikupigiwa. Akasema nilipigiwa, alikuwa palepale kitandani sista akipiga, na spika ilikuwa wazi. Sista alitaja jina lake lote, akauliza kama namfahamu. Mimi, kwa maneno yake, nikasema huyo simjui, nikakata. Basi sista mwenyewe alimsindikiza hadi barabarani akitoka zamu.

Nimejaribu kuikumbuka simu hiyo. Nilijaribu mbele yake siku ile na nimejaribu miaka yote tangu hapo. Labda nilikuwa darasani, labda kwenye michai, labda nilidhani ni wale matapeli wa simu. Sioni kitu. Ilinichukua dakika isiyotimia na ikapita.

Alimaliza kunisugua mgongo. Akanifunika kwa leso yake mabegani, akaikaza mbele nisipate baridi.

"Si makosa yako, mwalimu," akasema. "Ni mimi niliwapa ile jina ya kitambulisho. Ningewaambia waseme ni yule mama wa majani. Hapo ungejua."